Mji Huwaka Lini?

Jumamosi ya Agosti 6, 2011, mnamo saa kumi na moja jioni, watu zaidi ya mia moja walisimama mbele ya kituo cha polisi cha Tottenham, kaskazini mwa London. Walikuwa ndugu, marafiki na majirani wa Mark Duggan, mwanamume wa miaka 29 aliyeuawa kwa risasi ya polisi siku mbili kabla, baada ya teksi aliyopanda kuzuiwa barabarani. Walikuja kwa miguu kutoka Broadwater Farm, mtaa wa maghorofa ya halmashauri, wanawake wakiwa mbele na baadhi yao wakiwa na watoto. Hawakushika mawe. Walitaka afisa wa cheo cha juu atoke nje awaambie ndugu yao amekufaje, maana hadi siku hiyo wazazi wa marehemu walikuwa hawajapewa taarifa rasmi ya msiba wao wenyewe.

Afisa waliyemtaka hakutokea. Walitoka wa vyeo vya chini, wakasema suala liko mikononi mwa tume huru inayochunguza malalamiko dhidi ya polisi, nao hawana la kuongeza. Tume hiyo nayo ilikuwa imewaacha waandishi wa habari waamini kwamba kulikuwa na majibizano ya risasi; baadaye ikabidi ikiri kuwa huenda iliwapotosha, kwani risasi iliyokutwa kwenye redio ya askari ilikuwa ya polisi wenyewe. Saa ikapita, ikafuata nyingine, na ya tatu. Kiza kilipokaribia umati ulikuwa umebadilika sura, vijana ambao hawakuja na maandamano wakazidi kujaa. Magari mawili ya polisi yakachomwa. Usiku likaungua basi la ghorofa mbili, kisha jengo zima lenye duka la mazulia chini na makazi ya watu juu.

Ndani ya siku tano fujo zilifika Hackney, Peckham, Croydon na Ealing, zikatoka London na kuingia Birmingham, Manchester, Salford, Liverpool na Nottingham. Watu watano walipoteza maisha. Jopo lililoundwa na serikali lilikadiria kuwa walioshiriki walikuwa kati ya 13,000 na 15,000. Jijini London idadi ya askari mitaani ilipandishwa kutoka 6,000 hadi 16,000 ndipo hali ikatulia.

Waziri Mkuu David Cameron alikatiza mapumziko yake Italia, akarudi na maelezo mafupi: huo ulikuwa uhalifu mtupu. Siku chache baadaye akaongeza habari ya kuporomoka kwa maadili, watoto wasiolelewa na baba na shule zisizo na nidhamu. Wapinzani wake nao walikuwa na jibu lao tayari: serikali imebana matumizi, maskini wamebanwa, maskini wamelipuka. Maelezo yote mawili yana kasoro moja. Kwa Cameron, mfanya fujo ni mhuni. Kwa wapinzani wake, ni tumbo lililoota miguu. Pande zote mbili hazikuona haja ya kumuuliza mhusika alikuwa akifikiri nini.

Takwimu za mahakama, kwa mtazamo wa kwanza, zinawapa nguvu wale wanaotaja umaskini. Kati ya vijana wadogo waliofikishwa kizimbani, asilimia 42 walikuwa wanastahili chakula cha bure shuleni, wakati kiwango cha kawaida katika shule za sekondari za serikali kilikuwa asilimia 16. Miongoni mwa watu wazima, asilimia 35 walikuwa wakipokea ruzuku ya wasio na kazi, dhidi ya asilimia 12 ya watu wote wenye umri wa kufanya kazi. Asilimia 64 ya vijana hao waliishi katika sehemu ambazo ni moja ya tano ya maeneo maskini kuliko yote nchini Uingereza. Waliotoka katika moja ya tano ya maeneo tajiri walikuwa asilimia 3 tu.

Kesi ingeweza kufungwa hapo, lakini ramani ya fujo inakataa. Kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye miji kama Sunderland na Middlesbrough, ambako viwanda vya meli na vya chuma vilikufa na kuacha vizazi vizima bila kazi ya maana, kulikuwa shwari. Barnsley, mji wa wachimba makaa uliopoteza migodi yake, haukuchoma kitu. Hali hiyo ilionekana Ufaransa pia miaka sita kabla: vitongoji vya Paris vilipowaka mwaka 2005, Marseille, mji mkubwa wenye mitaa fukara ya wahamiaji, ulibaki na utulivu uliowashangaza hata wenyeji. Kama ufukara peke yake ungekuwa kiberiti, miji hiyo ingekuwa ya kwanza kuungua.

Mtaalamu wa siasa wa Marekani, Ted Gurr, aliligusa jambo hili mwaka 1970 katika kitabu chake kuhusu sababu za watu kuasi. Alisema kinachowasha hasira ni pengo kati ya kile mtu anachoamini anastahili na kile anachokipata. Mtu aliyezaliwa katika dhiki, akazungukwa na dhiki, asiyeahidiwa chochote, anaweza kuishi maisha yake yote bila kurusha jiwe. Mambo ni tofauti kwa anayeishi Clapham, kusini mwa London, ambako mtu anatoka kwenye ghorofa la halmashauri na kutembea dakika chache akijikuta kwenye nyumba ambazo hata akifanya kazi miaka mia moja hatazinunua. Kila siku anapita mbele ya vioo vya maduka yanayomwambia kuwa mtu ni viatu vyake. Usiku wa Agosti 8 vioo vya Clapham Junction vilivunjwa kimoja baada ya kingine.

Hata hivyo pengo la kipato nalo ni nusu ya habari. Nusu ya pili inapatikana kwenye utafiti ambao gazeti la Guardian na Chuo cha Uchumi cha London waliufanya kwa kuwahoji watu 270 walioshiriki fujo hizo. Walipoulizwa chanzo, asilimia 86 walitaja umaskini. Asilimia 85 walitaja polisi. Karibu watatu kati ya kila wanne walisema walikuwa wamesimamishwa na kupekuliwa angalau mara moja katika miezi 12 iliyotangulia.

Kupekuliwa kwenyewe kunachukua dakika chache tu. Kijana anatoka dukani, gari linasimama kando yake, askari wawili wanashuka. Anaulizwa anakwenda wapi na anatoka wapi. Anaambiwa anyooshe mikono, mifuko inageuzwa nje, simu na pochi vinawekwa juu ya boneti la gari, na majirani wanapita wakitazama. Chini ya Kifungu cha 60 cha sheria ya mwaka 1994, eneo likishatangazwa, askari hahitaji hata kuwa na sababu ya kumshuku mtu huyo mahususi. Mwishoni anapewa karatasi inayoeleza kuwa amepekuliwa. Katika miaka hiyo mtu mweusi alikuwa na uwezekano wa takriban mara saba zaidi ya mzungu wa kukutwa na mkasa huo, na aghalabu hakuna kilichopatikana mfukoni. Hapigwi, hafungwi, na ukilitazama tukio moja ni jambo dogo. Likirudiwa kila wiki kuanzia umri wa miaka kumi na minne, linamfundisha kijana somo la uraia ambalo hakuna mwalimu anayeweza kulifuta.

Watafiti wa Oxford, Juta Kawalerowicz na Michael Biggs, waliliweka jambo hilo kwenye mizani ya takwimu. Walilinganisha mitaa waliyotoka washtakiwa wa London na kura za maoni ambazo polisi wenyewe walizikusanya kabla ya fujo. Washtakiwa walitoka zaidi kwenye mitaa fukara, jambo lililotarajiwa. Lakini walitoka zaidi pia kwenye mitaa ambako wakazi, miezi kadhaa kabla ya kifo cha Duggan, walikuwa wamekwisha kusema kwamba polisi hawawaheshimu watu. Kwa hiyo onyo lilikuwepo, limeandikwa, limehifadhiwa katika kabati la mamlaka ileile iliyokuja kushangaa.

Sasa lirudishwe jicho kwenye Julai 2011, mwezi mmoja kabla. Mtu aliyekuwa akisoma magazeti London mwezi ule alikutana na nini? Alisoma kwamba waandishi wa gazeti la News of the World walikuwa wakidukua simu za watu, akiwemo msichana aliyeuawa, na kwamba baadhi ya polisi walikuwa wakipokea fedha kutoka kwa wanahabari. Gazeti lilifungwa Julai 10. Wiki moja baadaye Kamishna wa Polisi wa London, Paul Stephenson, alijiuzulu, na msaidizi wake John Yates akamfuata siku iliyofuata. Jiji liliingia kwenye fujo likiwa halina kamishna aliyethibitishwa. Nyuma kidogo, mwaka 2009, wabunge walikuwa wameumbuliwa kwa kujilipa marupurupu ya ajabu kutoka hazina ya umma. Mmoja wao aliomba kulipwa kibanda cha bata bwawani. Na kabla ya hapo, 2008, benki zilizocheza kamari na fedha za watu ziliokolewa kwa fedha za walipa kodi.

Halafu zikaja ahadi zilizovunjwa. Kabla ya uchaguzi wa Mei 2010, wagombea wa chama cha Liberal Democrats walitia saini hadharani kwamba watapinga kupandishwa kwa ada za vyuo vikuu. Waliingia serikalini, na Desemba mwaka uleule Bunge likapitisha ada ya hadi pauni 9,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya ile ya awali, kwa kura za baadhi ya waliotia saini. Posho ya hadi pauni 30 kwa wiki iliyowawezesha vijana wa familia maskini kuendelea na masomo baada ya miaka 16 ilifutwa. Kwa mtu mwenye mshahara mnono pauni 30 ni chakula cha jioni kimoja. Kwa kijana wa Tottenham ilikuwa nauli ya basi na chakula cha mchana cha wiki nzima. Halmashauri ya Haringey, ambayo Tottenham imo ndani yake, ilifunga vituo 8 kati ya 13 vya vijana. Mwishoni mwa Julai waandishi wa Guardian walikwenda kuwahoji vijana waliopoteza vituo hivyo, na mmoja akasema mbele ya kamera kwamba kutatokea fujo. Zilitokea siku chache tu baadaye.

Huku ndiko kuvunjika moyo ambako takwimu za kipato haziwezi kukuonyesha. Sunderland kulikuwa na umaskini mkubwa, lakini tajiri hakuwa jirani, na mkono wa askari haukuwa mfukoni mwa kijana kila wiki. London mambo matatu yalikaa pamoja kwenye kilomita moja ya mraba: anasa inayoonekana, dola inayogusa mwili, na kundi la wakubwa walioshikwa na uchafu, wengi wao bila kulala rumande. Juu ya hayo, jioni ile ya Jumamosi, yakaongezeka saa tatu za kungoja jibu.

Wapo wanaosema umati hauna akili, kwa hiyo kuutafutia sababu ni kupoteza muda. Wazo hilo lina umri mrefu. Mfaransa Gustave Le Bon alilisambaza mwaka 1895, akidai kuwa mtu akiingia kwenye kundi hushuka ngazi kadhaa za ustaarabu. Mwanasaikolojia Stephen Reicher alilijaribu wazo hilo kwa kuchunguza fujo za mtaa wa St Pauls, Bristol, zilizozuka Aprili 1980 baada ya polisi kuvamia mkahawa mmoja maarufu wa Weusi. Alichokuta kilikuwa kinyume na matarajio ya wengi. Umati uliwafukuza polisi hadi mpaka wa mtaa ukaishia hapo. Ulishambulia magari ya polisi na benki, lakini nyumba za watu hazikuguswa, na baadhi ya vijana wakawa wanaongoza magari barabarani ili wenyeji wapite. Umati ulikuwa na mipaka yake, hata kama haikuwa ya kisheria.

Ni rahisi kulewa na mfano huo, hasa kwa wasomi wanaoutazama moto kutoka mbali. Agosti 2011 haikuwa St Pauls. Duka la samani la familia ya Reeves pale Croydon, lililokuwepo tangu 1867, likapita vita viwili vya dunia salama, liliteketea kwa usiku mmoja. Wapangaji walioishi juu ya duka la mazulia Tottenham walikimbia na nguo za kulalia, na wengi wao hawakuwa matajiri kuliko waliowasha moto. Mjini Birmingham vijana watatu wa Kiislamu waliokuwa wakilinda maduka ya mtaa wao waligongwa na gari wakafa, na kama baba wa mmoja wao asingesimama barabarani siku iliyofuata kuwasihi watu warudi majumbani, huenda mji ungeingia kwenye vita vya Waasia na Weusi. Kuna waliopora kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na utafiti wenyewe haukulificha hilo. Kueleza chanzo cha moto hakumfanyi aliyeumia asiwe ameumia.

Serikali ilijibu kwa mahakama. Baadhi zilikesha zikisikiliza kesi. Mwanafunzi mmoja asiye na rekodi ya uhalifu alifungwa miezi sita kwa kuchukua chupa za maji zenye thamani ya pauni 3.50. Vijana wawili wa kaskazini magharibi walipata miaka minne kila mmoja kwa kuitisha fujo kwenye Facebook, fujo ambazo hazikutokea. Wastani wa kifungo ulifikia miezi 17, wakati kwa makosa ya aina hiyo mwaka uliotangulia ulikuwa chini ya miezi minne. Wabunge waliodai marupurupu ya uongo na kufungwa ni wachache wa kuhesabika kwa vidole, na wakuu wa benki zilizookolewa hawakuiona hata karandinga. Ulinganisho huo ulifanywa mitaani siku zilezile, bila kusubiri wachambuzi. Uchunguzi kamili wa kisheria kama ule wa Jaji Scarman baada ya fujo za Brixton mwaka 1981 haukufanyika. Kuhusu Duggan mwenyewe, baraza la mahakama lilisema Januari 2014 kwamba aliuawa kihalali, ingawa wengi wa wajumbe waliamini hakuwa na bastola mkononi alipopigwa risasi.

Uingereza ilikuwa na uzoefu wa mambo haya tangu enzi za Malkia Victoria. Februari 8, 1886, wasio na kazi walikusanyika Trafalgar Square katikati ya baridi kali, kisha wakaandamana kupitia barabara ya Pall Mall, palipo na vilabu vya waungwana. Waungwana wakatoka madirishani kuwadhihaki. Mawe yakaruka, vioo vikavunjika, maduka ya Piccadilly na Oxford Street yakaporwa. Askari wa akiba walikuwa tayari, lakini amri iliyosema Pall Mall ilisikika kama The Mall, wakapelekwa kuilinda barabara tulivu ya kwenda ikulu wakati mji unaporwa mitaa michache kutoka hapo. Kamishna alijiuzulu. La kuvutia zaidi ni yaliyofuata: mfuko wa Meya wa kuwasaidia wasio na kazi, ambao matajiri walikuwa wakiuchangia kwa kusuasua, ukafurika michango ghafla. Wasio na kazi waliomba kwa heshima miezi mingi, wakasikilizwa baada ya vioo kuvunjika. Watawala wanapenda kusema fujo hazilipi, lakini historia yao wenyewe inawasuta.

Mwaka uleule Bunge lilitunga sheria iliyoagiza kwamba mali ikiharibiwa na umati wenye ghasia, fidia itoke kwenye mfuko wa polisi. Mantiki yake ni kali: fujo zikitokea, mamlaka imeshindwa kazi, basi ilipe. Ndiyo sheria ambayo wenye maduka wa Tottenham na Croydon waliitumia kudai fidia miaka 125 baadaye. Ilibadilishwa mwaka 2016, na sheria mpya ikaweka kikomo cha pauni milioni moja kwa kila dai.

Kule Ufaransa jibu la kwanza lilikuwa baya zaidi, kwa sababu lilitoka kinywani. Oktoba 27, 2005, vijana wawili wa Clichy-sous-Bois, mmoja wa miaka 17 na mwingine 15, walikufa kwa umeme ndani ya kituo cha transfoma walimojificha wakiwakimbia polisi. Siku mbili kabla, Waziri wa Mambo ya Ndani Nicolas Sarkozy alikuwa amewaita baadhi ya vijana wa vitongoji takataka za watu, kwa neno ambalo Wafaransa hawalitumii mbele ya wakwe. Fujo za Clichy zilianza kupoa. Kisha usiku wa Oktoba 30, ndani ya Ramadhani, moshi wa bomu la machozi ukajaa kwenye msikiti wa Bilal wakati waumini wakiwa kwenye sala. Hakuna mkubwa aliyekwenda kuomba radhi. Kuanzia hapo moto ulitoka Clichy ukasambaa nchi nzima, magari yapatayo 10,000 yakachomwa, na Novemba 8 serikali ikatangaza hali ya hatari kwa kutumia sheria ya mwaka 1955 iliyotungwa kwa ajili ya vita vya Algeria. Wajukuu wa waliotawaliwa na Ufaransa wakajikuta chini ya sheria ya babu zao.

Clichy iko kilomita 15 hivi kutoka katikati ya Paris, na wakati ule haikuwa na kituo cha treni. Anayefanya kazi jijini alipoteza saa nzima au zaidi kwenye mabasi kila asubuhi. Tramu iliyoahidiwa iliwafikia Desemba 2019. Askari wawili walioshtakiwa kwa kutowasaidia vijana hao waliachiwa huru mwaka 2015.

Afrika Kusini ya Julai 2021 inaongeza funzo jingine: mwenye kiberiti anaweza kuwa na shida zake binafsi. Fujo zilianza baada ya rais wa zamani Jacob Zuma kwenda jela kwa kuidharau mahakama, na wapo waliozichochea kwa makusudi. Watu zaidi ya 350 walikufa KwaZulu-Natal na Gauteng. Lakini mama aliyeonekana akibeba magunia ya unga kutoka ghalani hakuwa lazima akimlilia Zuma. Ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 34, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 24 zaidi ya asilimia 60. Ruzuku ya randi 350 kwa mwezi, iliyotolewa wakati wa korona, ilikuwa imekatwa Aprili. Ilirudishwa Agosti. Waungwana wa Pall Mall wangeuelewa mtiririko huo.

Kwa Kenya hali ilikuwa tofauti kwa namna moja muhimu. Wakati wa kampeni za 2022 mgombea urais William Ruto aliwaahidi mahasla, yaani wahangaikaji wa kipato kidogo, serikali yao, uchumi wa kutoka chini kwenda juu, na toroli kama nembo. Mwaka uliofuata kodi ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ukaanza kukatwa kwenye mishahara. Mswada wa Fedha wa 2024 ukaja na mapendekezo ya kodi kwenye mkate na magari. Jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, likashikamana na rais. Pengo alilolieleza Gurr halikuhitaji darubini: viongozi walikuwa wakionekana na saa na mikanda ya bei ya kiwanja huku wakiwahubiria wananchi kufunga mikanda yao.

Tofauti ni kwamba vijana wa Nairobi hawakuanza na dirisha la duka. Walianza na mswada wenyewe. Waliusoma, wakaueleza kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, wakasambaza namba za simu za wabunge ili wapigiwe na wapiga kura wao. Serikali iliondoa kodi ya mkate na ile ya magari Juni 18, lakini wenye hasira hawakuwa wakidai punguzo; walikuwa wakidai kusikilizwa. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106, umati ukiwa nje umejaa barabarani. Dakika chache baadaye uzio wa Bunge ulivunjwa, sehemu ya jengo ikashika moto, na risasi za moto zikaua. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu vifo 60 katika miezi ya maandamano hayo.

Siku iliyofuata rais alikataa kutia saini. Julai 5 aliingia kwenye mjadala wa moja kwa moja mtandaoni akajibu maswali ya vijana kwa saa kadhaa, jambo ambalo mkuu wa polisi wa Tottenham hakulifanya kwa dakika kumi. Julai 11 akavunja baraza la mawaziri. Kama simulizi ingeishia hapo, Kenya ingekuwa mfano wa serikali iliyojua kutoka nje na kusema. Lakini baadhi ya mawaziri waliofukuzwa waliteuliwa tena ndani ya wiki mbili, vijana walianza kutekwa na watu wasiojulikana, na kesi za waliouawa zikajikokota. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikufa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema alijigonga ukutani, uchunguzi wa maiti ukasema vingine. Kwa mara nyingine taasisi ilitoa maelezo yasiyo ya kweli katika siku ambazo ukweli ulihitajika zaidi, kama ilivyokuwa London juu ya risasi ya kwenye redio.

Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia katikati ya Nairobi tangu alfajiri na kuzungushia Bunge na Ikulu seng'enge za miiba. Kwa hesabu ya usalama wa majengo mpango ulifaulu. Katikati ya jiji palikuwa patupu, na makabiliano yakahamia Kangemi, Kitengela na Ongata Rongai. Tume ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 30. Kwenye mitaa hiyo hakuna Bunge la kuvunja uzio wake wala waziri wa kuitwa atoke nje. Kuna kituo kidogo cha polisi, na kuna duka la jirani.